Upande wa Bwana Samahani

Nilikuwepo. Sikuhadithiwa, wala sikuyasikia kwa kinyozi. Nilikuwepo mwenyewe, na makalio yangu haya ndiyo shahidi wa kwanza, kama mtakavyoona. Anayetaka kubisha abishe, lakini kwanza aniambie yeye amewahi kukalia nini.

Mimi ni fundi makochi. Shule niliiacha darasa la sita, na nadhani shule ilifurahi kuliko mimi. Lakini nionyeshe kochi lolote, nitakuambia nani anakaa upande gani, ana uzito kiasi gani, na nani hulala hapo akigombana na mkewe. Sponji halina siri.

Jioni hiyo nilikuwa nakwenda kwa mpwa wangu, binti wa dada yangu, anayeuza kwenye duka la dawa. Wiki ileile nilikuwa nimelivisha kochi lake kitambaa kipya. Akanipigia simu: "Mjomba, upande mmoja umebonyea. Njoo uone kazi yako."

Kazi yangu haibonyei! Nilikwenda nimefura, mfuko wa vifaa begani, jua limeshazama na taa za ngazi bado hazijawashwa.

Sasa niwaeleze habari za aliyekuwa mume wake. Sisi kwenye ukoo tulimwita Bwana Samahani. Anapiga, halafu samahani. Anavunja meza, samahani. Na kila baada ya samahani anatia peremende mdomoni, kama mtoto anayejipongeza kwa kumeza dawa. Mwili wa dume, roho ya kupe. Mahakama ilimpa amri: asimsogelee mpwa wangu, asikanyage kwake wala kazini kwake. Yeye akaenda mpaka dukani mchana kweupe, akavunja kioo cha kaunta, akamburuta mwanamke kwa nywele mbele ya wateja wenye mafua. Polisi wakamzoa. Alilia njia nzima, mpaka askari wakaona aibu.

Akafungwa, akatoka. Ukoo mzima tukasema yamekwisha.

Yamekwisha wapi!

Mpwa wangu alinifungulia mlango akiwa amepaka wanja. Nani anapaka wanja kwa ajili ya fundi, tena mjomba wake?

"Unaongea naye," nikasema.

"Shikamoo kwanza, mjomba."

"Marahaba. Unaongea naye?"

Akatazama sakafu. "Kwa simu tu. Aliniomba msamaha, nikamwambia nimekusamehe. Haji hapa, mjomba. Mwenyewe anasema amri ni amri, miguu yake haitakanyaga."

"Huyo? Huyo hata foleni ya choo haiheshimu!"

Alicheka. Halafu akaziba mdomo upesi na kutupia jicho kochi, kama mtu aliyecheka msibani.

Nikalitazama na mimi.

Upande wa kushoto, pale alipokuwa akikaa Bwana Samahani enzi zake, palikuwa pamezama. Na mimi najua kuzama. Sponji bovu huzama katikati, kama bakuli. Hapa palikuwa na mapaja mawili. Na nyuma, kwenye mto wa mgongo... mabega.

Yalikuwa yanapumua.

Taratibu. Yanapanda... yanashuka...

Hapo ndipo nilipokumbuka. Siku ya kulivisha lile kochi nilitaka kulitupa sponji la upande huo. Ndivyo tunavyofanya mafundi: sponji lililokaliwa na mtu mmoja miaka mingi limekunywa jasho lake, limeshika umbo lake, halifai kwa mwingine. Mpwa wangu akalikumbatia kama mtoto mchanga. "Geuza tu, mjomba. Bado zima." Mteja akisema geuza, unageuza. Nikageuza. Umbo la yule mwanamume likalala chini, jasho lake likabaki ndani, nami nikashonea juu yake kwa uzi wa nailoni.

"Ilianza lini?" nikanong'ona.

"Siku niliyomwambia nimemsamehe."

Akapandisha mkono wa blauzi. Alama za vidole. Mbichi, nyekundu.

"Kila nikipokea simu yake anasogea zaidi," akasema kwa sauti ya chini. "Mwanzo alikuwa anakaa tu. Jana alifika mlango wa chumbani. Leo anataka nimwambie karibu. Basi. Neno hilo tu, halafu hatatoka tena."

"Na wewe?"

Akaushusha mkono wa blauzi.

Ikaja harufu. Peremende.

Halafu sauti ndogo, kama ya kokoto kinywani. Kac... kac... Pipi inagongwa na meno.

"Huyu... amefuata nini?"

Sauti ilitoka ndani ya kochi, chini ya kitambaa changu, imezibika, kama ya mtu aliyefunikwa mto usoni. Nywele za shingo zilinisimama, sikatai. Nikangoja. Nilidhani kitu kilichopenya kuta kitanena mambo ya makaburi, ya damu.

"Na wanja huo... umempakia nani?"

"Wewe," mpwa wangu akajibu haraka, kama mwanafunzi mbele ya fimbo.

Wanja! Mtu umeuacha mwili, umekuwa pepo zima, na bado unauliza wanja! Uoga wangu wote ukageuka kichefuchefu. Nimeona panya wenye heshima kuliko yule.

"Mwambie... atoke."

"Mjomba, nenda tu," akalia kimyakimya. "Akikasirika..."

Kitambaa kikaanza kutuna mbele, pale palipo magoti. Kilikuwa kinainuka. Mshono ukalia, uzi mmoja baada ya mwingine.

Pap.

Pap.

Mwingine angekimbia. Mimi nina mwili uliojaa na dharau iliyojaa zaidi. Nikageuka, nikapandisha suruali, nikamkalia.

Ndiyo. Nilimkalia.

Baridi ilinipanda mpaka kwenye meno. Chini yangu niliyasikia mapaja yanatapatapa. Vidole vikanishika mbavu, vyembamba, vimelowa. Pipi ikanyamaza.

"Sa... ma... ha... ni..."

"Mimi siwezi kumtoa," nikamwambia mpwa wangu, meno yakigongana. "Sikumwita mimi. Sema wewe! Sema!"

Akanitazama. Akalitazama kochi. Chumba kizima kikangoja pamoja nami.

"Toka," akasema.

Nikainuka, nikashuka ngazi mbilimbili, mfuko wa vifaa nikauacha hukohuko. Mpaka leo sijaufuata.

Asubuhi nilikwenda kwa mama yake yule kupe. Mama wa watu, mpole, alinikaribisha mpaka chumbani. Mwanawe alikuwa kitandani, anakohoa, vidole gumba vya miguu vimefungwa pamoja kwa uzi mweusi. "Alilala tangu alasiri," mama akaniambia. "Huyo mganga wake alimwambia, kama amri imekataza miguu, basi miguu iache nyumbani. Sasa ameamka mbavu zimevunjika. Na hakuanguka popote."

Bwana Samahani alinitazama, akajikunyata ukutani. Nilifurahi, jamani, nisiwafiche.

Nikaenda polisi. Askari akauliza: "Amevunja amri?"

"Amevunja."

"Alikuwa wapi?"

"Kitandani, kwa mama yake."

Akaweka kalamu chini, akanielekeza hospitali. Na huyo anakula mshahara!

Dada yangu, mama wa binti, nilimsimulia kama nilivyowasimulia ninyi. Nilipofika kwenye lile "toka" alipiga vigelegele, akalala usingizi ambao hakuwa ameulala tangu binti yake aolewe.

Kwa hiyo hapo ndipo nilipotia chumvi yangu. Mengine yote ni kweli tupu: pipi, mapaja, mbavu. Hilo neno moja ndilo langu. Mpwa wangu hakulisema. Alinisogelea pale nilipokaa, wanja umemchuruzika mashavuni, akanishika bega kwa upole, kama unavyomshika mzee aliyekosea nyumba.

"Inuka, mjomba," akasema. "Unamuumiza."