Kituo cha Njiani

Giza lilikuwa linaanza kuingia Umulisa alipomchukua mwanawe Ihirwe kwa bibi yake huko Masaka. Akamfunga mkanda kiti cha nyuma, akagusa kioo cha ramani na kuchagua Kagugu, nyumbani kwao. Gari alikuwa amelinunua juzijuzi kwa dalali Kagabo, limeshatumiwa na mtu, na alama za ile ramani hakujisumbua kuzijua. Nani ana muda huo? Kuna mshale, kuna mstari wa buluu, unaufuata, unafika.

Mstari ukampeleka kwenye geti la bati, mbele ya nyumba isiyoezekwa.

"Ingia kushoto," ikasema sauti ya gari.

Hakuingia. Akakata kulia, akafuata taa za majirani.

"Natafuta njia mpya..."

Akapita mashamba ya mahindi, akapita duka lililofungwa, akakunja kona.

Geti la bati.

Akajicheka. Safari hii aliizima sauti, akashika barabara aliyoijua mwenyewe, ile aliyojia. Ikamrudisha palepale. Na sasa geti lilikuwa wazi. Harufu ya udongo uliochimbwa punde ikajaa ndani ya gari, na vioo vyote alikuwa amevifunga.

Akampigia Kagabo, akinong'ona asimwamshe mtoto.

"Kagabo, gari lako linanizungusha!"

"Madamu, kwa ramani unaona nini?"

"Bendera iko Kagugu. Halafu kuna duara lenye namba moja, hapahapa nilipo."

"Bendera ndiyo mwisho. Hiyo namba iko kituo ya njiani. Kama hujaipita, itakurudisha tu. Kamata na kidole, futa."

Akalifuta. Likapotea...

Likarudi.

"Nani aliweka hiki kitu?"

"Mwenye gari wa kwanza. Mtoto wake alipotelea huko. Kila jioni alikuwa anaenda kumutafuta... Madamu, usiingie."

"Nitatokaje, basi?"

"Sijui, madamu. Kweli sijui."

Nyuma, Ihirwe akakohoa usingizini. Umulisa alitaka jambo moja tu duniani: kumfikisha mwanawe nyumbani. Akamwomba Mungu kwa sauti, akaingiza gari getini.

Kuta tupu. Shimo. Hakuna mtu. Akageuza, akatoka mbio.

"Umepita kituo. Endelea," ikasema sauti ile aliyokuwa ameizima.

Duara likafutika. Lami ikatokea, kisha pikipiki, kisha taa na makelele ya makutano ya Sonatubes. Umulisa alifurahi mpaka akaanza kuimba.

Ti... ti... ti...

Alama ya mkanda ilikuwa inawaka nyekundu. Kiti cha nyuma, kushoto. Ihirwe alikuwa amekaa kulia.

"Mama," Ihirwe akanong'ona, "ngoja nimfunge."

Klik.

Mlio ukakoma.

Umulisa hakuthubutu kugeuka. Aliendesha hadi Kagugu shingo imekakamaa, machozi yakimtiririka, ile harufu ya udongo ikimpumulia kisogoni. Mumewe, Mutsinzi, akafungua geti, akaja kugonga kioo.

"Mbona hamushuki?"

"Mama," Ihirwe akanong'ona tena, "anauliza kama hapa ndipo kwao."

Mutsinzi akavuta mlango wa nyuma, ukagoma. Akamwashiria mkewe afungue. Umulisa akaweka kidole kwenye kitufe, akakiondoa upesi. Katika gari lile, milango yote hufunguka kwa pamoja, hata wa kushoto.