Fundo Upande wa Kushoto

Mara ya kwanza Ottilie kuonana na Severin, alimharibia kazi. Ilikuwa Jumapili ya nne ya Kwaresima, siku ambayo watu wa Gmunden humthibitishia mtu upendo kwa kumvisha shingoni moyo wa biskuti ya asali ulioandikwa kwa sukari. Uwanja wa ukumbi wa mji ulijaa pomoni, mji mzima ukinukia karafuu na mdalasini. Kikapu cha mtu kilimsukuma mgongoni, akajishika kwenye meza iliyokuwa karibu, na kiganja chake kikatua juu ya moyo ambao sukari yake ilikuwa haijakauka.

"Hongera," alisema mwanamume wa nyuma ya meza, ameshika mfuko wa sukari kama kalamu. "Ulikuwa umeandikwa 'Wangu Peke Yangu'. Umelifuta 'Wangu'. Sasa umebaki 'Peke Yangu'. Nani atamvisha mpenzi wake 'Peke Yangu'?"

"Nipe mimi basi. Mimi unanifaa."

Alicheka, na Ottilie naye akacheka, kitu ambacho alikuwa hajakifanya siku nyingi. Kisha akageuka kumtafuta mwanawe kwenye umati, na mwanamume akaona fundo la aproni yake. Gauni la huku huvaliwa na aproni, na fundo lake lina lugha. Likifungwa kushoto, mwanamke hana mtu. Kulia, ana mwenyewe. La Ottilie lilikuwa nyuma, katikati ya kiuno, mahali pa wajane.

"Nisamehe," alisema mwanamume. "Utani mwingine huwa unanitoka tu."

"Usiuombee msamaha. Huo ndio utani wangu wa kwanza tangu mwaka juzi."

Basi hapo ndipo lilipoanzia. Severin alikuwa mwokaji, miaka arobaini na moja, mabega mapana, unga haumtoki kwenye nyusi hata akioga. Ottilie alikuwa na miaka thelathini na minne, muuza dawa mjini Linz, mwendo wa saa moja na kitu kwa treni. Mumewe Gregor alikufa kwa ugonjwa wa moyo, akamwachia binti, Vroni, na mama mkwe, Bi Hermine, ambaye naye ni mjane wa siku nyingi. Wanawake hao watatu walikaa nyumba moja. Bi Hermine ndiye aliyempeleka Vroni shule, aliyepika, aliyepiga pasi sare za kazi za Ottilie. Hakuwahi kumsema vibaya hata siku moja, na hilo ndilo lililokuwa gumu.

Mapenzi yao yalikuwa ya simu na ya Alhamisi, siku ambayo Ottilie aliaga nyumbani kwamba anakwenda mazoezi ya kwaya.

"Uko wapi, Tilli?"

"Bafuni."

"Tena?"

"Nimefungulia maji mama asisikie."

"Wewe mwanamke, utaota magamba. Lini utanipigia ukiwa mkavu?"

"Subiri kidogo, mpenzi. Nitamwambia baada ya Pasaka."

Pasaka ikapita, na Krismasi ikapita. Kila mara kulikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa ya kweli: leo mama presha imepanda, kesho ni siku aliyokufa Gregor, keshokutwa Vroni ana homa. Mwezi wa pili Severin alipiga simu, na safari hii hakutania.

"Kaka yangu anataka nikachukue duka lake Bregenz. Ni mbali, Tilli. Nikienda nimekwenda."

"Kwa hiyo unanitisha?"

"Nakuuliza. Ila sitaki unijibu kwa maneno, maana ya maneno nimeshiba. Mtakuja Jumapili ya mioyo, si ndiyo? Familia nzima kama kawaida yenu. Njoo fundo lako likiwa kushoto, nami nitakuja mbele ya mama yako na mbele ya mji huu nikuvishe moyo. Likiwa nyuma, nitakuuzia biskuti kama mteja yeyote, na sitakupigia tena."

"Severin..."

"Kushoto au nyuma. Hata mtoto anaweza."

Asubuhi ya Jumapili yenyewe, Ottilie alivaa gauni la sufu la kijani na aproni ya hariri rangi ya zambarau. Alifunga fundo kushoto, akalilaza vizuri kwa vidole, akavaa koti refu juu yake. Treni ikaanza kupita kando ya ziwa. Nitavua koti, alijiambia, mama ataona, nitamwambia, na yatakwisha.

Vroni, miaka minane, alitaka kwanza kuwaona mabatamaji, kama kila mwaka. Kwa hiyo hawakwenda moja kwa moja uwanjani, wakafuata ufuko mpaka kwenye daraja refu la mbao linaloingia kwenye ngome ya ziwani. Jua la Machi lilikuwa kali kuliko kawaida. Katikati ya daraja Ottilie alivua koti.

Bi Hermine alikuwa nyuma yake. Alimfuata hatua kama kumi hivi, macho kwenye fundo.

"Binti yangu, fundo lako limeteleza."

"Halijateleza, mama."

Ottilie angesema neno moja zaidi hapo, hadithi hii ingekuwa nyingine. Bi Hermine alisogea karibu. Alikuwa amevaa nyeusi, fundo lake mwenyewe nyuma kama lilivyokuwa kwa miaka ishirini.

"Aproni hii alikununulia Gregor," alisema polepole. "Ukiifunga kushoto, maana yake hukuwahi kuwa na mtu. Miaka saba ya mwanangu haikuwepo. Ndivyo unavyotaka watu wasome?"

"Sivyo, mama. Siyo hivyo hata kidogo."

"Basi simama kidogo nikutengenezee."

Na Ottilie akasimama. Alihisi vidole vya mama mkwe kiunoni, vinatetemeka, vinashindwa kulifungua fundo, vinajaribu tena. Akamwonea huruma. Akainua mikono ili apate nafasi. Haidhuru, aliwaza, nikifika uwanjani nitalifunga upya, Severin hataona. Utepe ukazunguka, ukabanwa nyuma, na Bi Hermine akampapasa mgongo kama mtoto aliyemaliza uji.

Uwanjani bendi ilikuwa inapiga, na wanawake wenye kofia za dhahabu walikuwa wakipita kwa maandamano. Ottilie aliwaacha bibi na mjukuu mkahawani na vikombe vya chokoleti ya moto, akajifungia chooni, akalirudisha fundo kushoto. Mbele ya kioo alichanganya kushoto na kulia, akafungua, akafunga tena. Kisha akatoka karibu anakimbia.

Severin alikuwa mezani kwake, shati jeupe, kizibao chenye vifungo vya pembe. Alimwona akija na hakutabasamu.

"Karibu, mama. Ungependa upi?"

"Mama nani? Severin, tazama." Aligeuza kiuno. "Kushoto."

"Naona."

"Basi?"

"Umelifungia wapi?"

Ottilie alilifunika fundo kwa kiganja.

"Nimekuuliza wapi."

"Chooni. Pale mkahawani."

"Bafuni, chooni." Alifuta mikono kwenye kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Nilikuja darajani, Tilli. Uliniambia mtoto huwa anaanza na mabatamaji, nikaona kwa nini nisubiri, niwapokee kulekule. Nilikuwa nimesimama kwenye lango la ngome, moyo mkononi. Nimeona kila kitu."

"Ni mzee, Severin. Mikono ilikuwa inamtetemeka."

"Niliona. Na mwaka kesho itatetemeka zaidi."

"Ningelifunga upya! Nimelifunga upya!"

"Angekushika kwa nguvu ningekuja mbio. Lakini ulimwinulia mikono." Sauti yake haikuwa ya hasira, na Ottilie angependelea hasira. "Fundo hata silo lililoniuma. Mikono yako ndiyo."

"Moyo wangu uko wapi? Ule uliokuwa nao?"

"Nimewapa mabatamaji."

"Acha utani."

"Waliupenda sana. Waliupigania."

Ottilie alitaka kumpiga, alitaka kumkumbatia, na wote wawili walikuwa na machozi ambayo wapita njia wangedhani ni ya upepo wa ziwani. Alikuwa amefungua kinywa aseme, nakupenda, twende sasa hivi tukamwambie pamoja, aliposikia sauti nyuma yake.

"Kumbe uko huku! Chokoleti yako imepoa." Bi Hermine alikuwa amemshika Vroni mkono. Macho yake yalishuka kwenye kiuno cha Ottilie, yakakaa hapo, yakainuka. Alimgeukia mwokaji. "Bwana, naomba uniandikie moyo mmoja. Mkubwa. Andika 'Gregor'."

"Gregor," alirudia Severin.

"Mwanangu. Huwa namwekea kaburini."

Severin alimtazama Ottilie. Alingoja kwa muda, tena muda mrefu, mfuko wa sukari mkononi, na kila mtu wa mstarini angeweza kuona kwamba anangoja kitu. Ottilie alitazama chini. Basi Severin akainama akaandika, herufi moja baada ya nyingine, bila kutetemeka, akazungushia maua madogo meupe, akaufunga utepe mwekundu na kuukabidhi kwa mikono miwili.

"Pole kwa kufiwa, mama," alimwambia Bi Hermine. Kwa Ottilie hakuwa na neno.

Treni ya jioni ilikuwa nusu tupu. Vroni alikuwa akitafuna biskuti na kuhesabu ng'ombe. Ziwa lilishapotea, Gmunden imebaki nyuma, na Ottilie alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye dirisha. Simu yake ilikuwa mapajani. Alikuwa amepiga mara nne, na mara nne ilikatwa.

"Hapa kwenye kiti utavunjika," alisema Bi Hermine, ameshika moyo kwa utepe. "Inama, binti yangu, nikuvishe. Uuvae mpaka nyumbani."

Mikono yake ilikuja na utepe, inatetemeka vilevile.

"Hapana, mama."

Bi Hermine alibaki ameinua mikono hewani. Vroni akaacha kutafuna. Lilikuwa neno dogo sana, na lilitoka bila shida yoyote, na Ottilie aliposikia jinsi lilivyotoka kirahisi alianza kulia kwa sauti, bila kuficha uso.

Mama mkwe aliuweka moyo mapajani taratibu. Treni ikapita stesheni moja.

"Yuko mtu, siyo?"

"Alikuwepo."

"Ni nani?"

"Ni huyo aliyekuandikia."

Bi Hermine aliinamisha kichwa, akalitazama jina la mwanawe na yale maua meupe yaliyolizunguka, moja moja, kwa muda mrefu.

"Ana mwandiko mzuri," alisema mwishowe.