Mashati Yalipojaa Ghalani

Mama Pacha alishona kola za mashati kiwandani. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, na mdomo wake haukubaki nyuma. Akianza kusimulia, hata msimamizi alijificha nyuma ya mlango acheke.

Asubuhi moja walikuta lango limefungwa.

"Ghala limejaa hadi darini," msimamizi alisema. "Mashati hayanunuliwi. Kazi hakuna."

Nyumbani, Mama Pacha alipoa kama maji mtungini.

"Labda nilizembea," alimwambia mumewe, aliyekuwa mpaka rangi wa nyumba. Mume naye alikuwa akikaa bure, maana hakuna aliyejenga.

Pacha mmoja akauliza, "Kama mashati yamejaa, mbona la baba lina viraka?"

Wakalipeleka swali hilo kwa jirani yao, fundi umeme, kiongozi wa chama cha wafanyakazi.

"Hukuzembea, dada," fundi alisema. "Wenye viwanda hushindania faida. Kila mmoja hutengeneza vingi na kubana mishahara. Sasa nani atanunua? Mnunuzi ni mfanyakazi yuleyule aliyebanwa. Bidhaa zinalala, watu wanaachishwa kazi, wanaonunua wanapungua zaidi. Hata shemeji anakosa nyumba ya kupaka."

"Kumbe wafanyakazi ni sisi, na wateja ni sisi," Mama Pacha alisema.

"Ndiyo. Nendeni mkadai haki yenu, lakini nendeni pamoja."

Washonaji wote walikwenda, na fundi akawasindikiza. Mwenye kiwanda alisema hana fedha za kiinua mgongo.

"Basi tupe vyerehani," Mama Pacha alisema. "Si vimelala tu?"

Mwenye kiwanda alikuna kichwa. Vyerehani navyo havikuwa na mnunuzi. Akakubali, wakatia saini.

Walivibeba wenyewe. Njiani Mama Pacha alitua mzigo, akajishika kiuno. "Jamani, kiinua mgongo hiki kitanivunja mgongo." Wenzake walicheka hadi wakaketi chini.

Walikodi chumba kilichokuwa duka la mikate. Fundi akavuta umeme, mpaka rangi akang'arisha kuta. Hawakushona vya kurundika. Waliuliza watu kwanza: huyu alitaka sare za watoto, yule alitaka kola igeuzwe. Mapato waligawana kwa haki. Hali ya mji ilikuwa bado ngumu, lakini nyumbani kwao moshi wa jikoni ulirudi.

Siku moja walikuja wanawake wawili. Kiwanda chao cha magodoro kilikuwa kimefungwa.

"Tuanzie wapi, dada?" waliuliza.

"Wenzenu wako wapi?"

"Majumbani."

"Kawaiteni wote," Mama Pacha alisema, akivuta mabenchi. "Mimi nabandika chai."