Helmeti ya Kiberenge

Treni ilitikisika, ikapiga kelele ya chuma, ikafa katikati ya vichaka, vituo viwili kabla ya vilima. Kondakta alipita behewa kwa behewa akisema, "Subira, jamani, subira," kwa sauti ya mtu ambaye mwenyewe amekwisha kukata tamaa.

Fundi wa lifti alimgeukia mamamkwe wake, yaani aligeukia viatu vyake, maana katika miaka kumi na minne ya ndoa hakuwahi kumtazama usoni sawasawa. Mamamkwe, mkunga mstaafu, akatazama dirisha. Kati yao ilikaa helmeti ya rangi ya chungwa, kubwa kama sufuria ya shughuli.

Helmeti ilikuwa ya binti wa fundi, ambaye nyumbani humwita Kiberenge kwa sababu akishapanda baiskeli hasimami. Alikuwa ametangulia alfajiri na lori la klabu, kwenda kwenye mashindano yake ya kwanza ya milimani, akaisahau mezani. Bila helmeti haruhusiwi kuanza. Kuazima nako hakuwezekani: kichwa alirithi kwa bibi yake, na vichwa vya ukoo ule havijapata kuingia katika kofia ya mtu mwingine. Gari hawana. Mama yake alikuwa zamu hospitalini. Wakabaki baba na bibi, baiskeli mbili, na treni ambayo sasa ilikuwa imelala usingizi wa pono.

"Mama, labda tushuke tuendeshe," fundi aliviambia viatu.

"Utakavyoona wewe, mkwe."

Basi wakashusha baiskeli. Fundi akaifunga helmeti mgongoni, akatangulia. Ukweli ni kwamba hakuijua njia. Kazi yake yote ilikuwa ya juu na chini. Kushoto na kulia hakuwa mzoefu, na simu yenye ramani aliiacha nyumbani ikichajiwa. Lakini angesemaje mbele ya mkwewe kwamba hajui? Mkunga naye alimfuata kimya juu ya baiskeli yake ya kapu, ile aliyoiendesha miaka yote akienda kuzalisha.

Walipita kwenye mtaa wa kuta ndefu na mageti yaliyofungwa, ambako hakukuwa na mtu wa kuuliza. Mwisho wa lami njia iligawanyika. Fundi alikuwa karibu kukata kushoto aliposikia mamamkwe akikohoa nyuma yake. Mkwe akikohoa, mwenye adabu husikia amri. Akaghairi, akakata kulia.

Kulia kulikuwa na mfereji. Ng'ambo ya mfereji kulikuwa na mabata bukini watano waliolinda uwanja wa mtu, na mabata hao hawakuwa na mchezo. Waliwafukuza wasafiri wetu mpaka ndani ya miiba, kisha wakarudi mmoja mmoja kama askari waliomaliza kazi. Tairi la mbele la fundi likapata pancha, baiskeli ikagoma, naye akaruka juu ya usukani, akatua kwa goti. Helmeti ilikuwa salama mgongoni. Ya kwake hakuwa nayo.

Jua lilikuwa limepanda. Kutoka mbali sana, upande ambao hawakuutegemea, kipaza sauti kilisikika kikitangaza jambo.

"Kunywa maji, mama," fundi akasema, akitoa chupa yao moja.

"Kunywa wewe, mkwe. Umeumia."

"Siwezi kutangulia, mama."

"Na mimi siwezi kumnyima majeruhi."

Chupa ikaenda, ikarudi, ikaenda tena bila kupungua hata tone, midomo ya wote wawili ikiwa imekauka. Safari ya nne mikono yao ilikosana. Chupa ikaanguka, na ardhi, isiyojua adabu, ikanywa yote.

Fundi akakaa chini. Akilini alimwona binti yake kwenye mstari wa kuanzia, kichwa wazi, akiangalia barabara.

"Lete hilo goti," mkunga akasema.

Fundi akavuta pindo la suruali chini haraka. "Si kitu, mama."

"Nimezalisha nusu ya mji wetu. Goti lako litanionyesha nini kipya?" Akapandisha suruali, akafuta damu, akafunga jeraha kwa kitambaa chake cha kichwa. Kisha, akiwa bado ameinama, akasema, "Mkwe, nilikiona kibao."

"Kibao gani?"

"Kilichochorwa baiskeli. Kilionyesha kushoto."

Fundi akasahau adabu, akamtazama usoni. "Mbona hukusema?"

"Nikuaibishe? Mwanamume ameshakata kona kwa uhakika namna ile!"

"Uhakika gani, mama? Nilikuwa nakata kushoto. Si wewe uliyekohoa?"

"Nilimeza inzi!"

Halafu mkunga akaanza kucheka, kicheko kilichoanzia tumboni na kumtoa machozi, na fundi akacheka mpaka goti likamuuma. Heshima yao nusura iwaue wote wawili, na mtoto imkoseshe mashindano.

"Sikiliza," mkunga akasema, akijifunga gauni kiunoni. "Kuanzia sasa ukikosea nakwambia. Na mimi nikikosea?"

"Nakwambia, mama."

"Haya. Acha hicho chuma chako, panda nyuma yangu."

"Mama, mimi mzito..."

"Unabishana au unapanda?"

Akapanda. Mkunga alifuata sauti ya kipaza, akapita nyuma ya matangi ya maji, akapanda kilima akisukuma, fundi ameshuka, akisukuma zaidi na kuchechemea. Juu kabisa, bonde likafunguka, na njia ya mashindano ikashuka mbele yao, imejaa mawe na mizizi.

"Tuzunguke," fundi akasema.

"Tutachelewa."

"Tutakufa, mama!"

"Umenieleza vizuri. Sasa panda ukumbatie helmeti," akasema, akaachia breki.

Watazamaji wa chini waliona baiskeli ya kapu ikishuka kwenye njia ya mabingwa, mwanamke mzee kwenye usukani na mwanamume nyuma yake akipiga mayowe huku amekumbatia kitu cha chungwa. Mwenye kipyenga alikitoa mdomoni. Wasichana walikuwa wamejipanga, na pembeni ya mstari alikaa Kiberenge, macho mekundu, amekwisha kuvua glavu.

Fundi hakungoja baiskeli isimame. Aliruka, akamvika bintiye helmeti na kuifunga kamba. "Nenda," akasema. Kiberenge akaenda. Alianguka mara mbili, akamaliza karibu na mwisho, na hakuacha kucheka siku nzima.

Jioni, kituoni, fundi alisimama jukwaa la kwanza, mkunga jukwaa la pili, kila mmoja akipiga kelele kwamba mwenzake amekosea jukwaa. Simu ya mkunga ikalia. Binti yake alikuwa ametoka zamu.

"Mama, kelele za nini hizo? Kuna nini?"

"Mumeo huyu! Mbishi asiyesikia!"

"Mnagombana? Wewe na yeye?" Kisha mke wa fundi akaanza kucheka kwa furaha, kwani tangu aolewe alikuwa anakula na watu wawili wanaoomba ruhusa ya kupeana chumvi.

Mkunga akakata simu, akajaza hewa kifuani, na kwa mara ya kwanza akamwita fundi kwa jina lake, jina tupu bila "mkwe," kwa ukali uleule anaoitwa nao mtoto wa nyumbani aliyechezea matope. Fundi alisikia raha mpaka akachelewa kuitika.