Keki ya Kwanza ya Semeni

Kila alipotoka shule, Winfrida alivua sare, akala chochote kilichobaki chunguni, kisha akaenda uani kwenye mikeka. Kazi yake ilikuwa kugeuza pilipili manga na magome ya mdalasini yaliyoanikwa juani, na kuyaanua mbiombio wingu likianza kushuka kutoka mlimani. Kijijini kwao Kinole mvua haibishi hodi, na Bibi Modesta hakuwa na mchezo na viungo vyake. Punje ikilowa, mtu alisemwa mpaka usiku unaingia.

Winfrida alikuwa darasa la sita. Mama yake alifanya biashara ya ndizi na mafenesi Morogoro mjini na kurudi nyumbani mwisho wa wiki, kwa hiyo siku nyingine zote alikuwa yeye na bibi yake tu. Lakini hakuwa mpweke. Ng'ambo ya migomba, kwenye nyumba ya mwalimu, aliishi Semeni.

Semeni alikuwa darasa la tano. Alihamia Kinole kutoka Kilakala pamoja na mama yake, Mwalimu Mwanahawa, na hazikupita siku nyingi yeye na Winfrida wakawa chanda na pete. Walichota maji pamoja, walisuka nywele pamoja, na hata walipogombana walinuniana wakiwa wamekaa kwenye benchi moja.

Kulikuwa na jambo moja tu lililomchoma Winfrida moyo. Penye sherehe yoyote, keki ikikatwa, Semeni alipewa chungwa. Watoto wengine walilamba vidole. Yeye alimenya chungwa lake taratibu, akiyaangalia maganda.

"Hutamani?" Winfrida alimuuliza siku moja.

"Nimeshazoea," Semeni alijibu. Lakini macho yake yalikuwa kwenye sahani ya mwenzake.

"Siku yako ya kuzaliwa nitakuokea keki yako mwenyewe. Utakula mpaka uchoke."

"Kweli, Winfrida?"

"Haki ya Mungu."

Ahadi ni rahisi kutoa. Kazi ilibaki kwa Bibi Modesta. Bibi huyo, katika usichana wake, alifanya kazi jikoni kwa masista wa misheni, na alijua kuoka kwa sufuria na mkaa, moto chini na moto juu ya mfuniko. Alikwenda kwa Mwalimu Mwanahawa kuuliza mtoto anaruhusiwa kula nini. Aliporudi, alivua kandambili mlangoni akasema, "Mwalimu ameshukuru sana. Ila mayai na maziwa kwa yule mtoto ni mwiko. Hata siagi asiguse. Basi tutatumia tui la nazi na ndizi mbivu. Itakuwa keki ya mkate, ile ndefu ya kukatwa vipande."

Walianza majaribio. Winfrida aliponda ndizi, akakuna nazi na kukamua tui zito, akachanganya na sukari na unga wa ngano. Bibi alitwanga mdalasini, iliki na karafuu, harufu ikatoka mpaka njiani. Wakatia mananasi na fenesi lililokaushwa, karanga, na korosho alizozileta mama yake Winfrida kutoka mjini. Semeni alikuwa akila vyote hivyo bila shida. Mwisho wakaweka poda ya kuumulia, wakamimina kwenye kopo la bati.

Keki hiyo ilikataa katakata kuumuka. Winfrida, kwa haraka zake, alifunua mfuniko kila mara kuchungulia, moto wa juu ukapotea. Ilipotoka ilikuwa imebonyea katikati kama godoro la mgonjwa.

"Umeichungulia mno," Bibi alisema. "Keki haipendi umbea."

Winfrida hakucheka. Aliona ni mayai yaliyokosekana. Keki zote nzuri alizowahi kuziona zilikuwa na mayai.

Wiki hiyohiyo, darasani kwao, Mwalimu Eustace alifundisha lishe bora. Alisimama mbele, mikono imejaa chaki, akasema kwa ukali, "Zamani watoto walinyimwa mayai. Wajawazito walinyimwa mayai. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa ni mwiko! Kumbe yai linajenga mwili. Miiko ya namna hiyo imedumaza watu wengi. Nani atakwenda kuipiga vita nyumbani kwao?"

Mikono yote ilinyooshwa. Wa Winfrida ulikuwa juu kuliko yote.

Siku ya kuzaliwa Semeni, Bibi aliingia ndani kutafuta kitambaa cha kufunikia keki. Winfrida alibaki peke yake jikoni na bakuli la unga. Alikumbuka keki iliyobonyea. Alikumbuka neno "mwiko" kama lilivyotoka kinywani mwa Bibi, na kama lilivyotoka kinywani mwa Mwalimu Eustace. Akajiambia kwamba Semeni ananyimwa kitu kizuri bure, kwa mambo ya kizamani. Alikwenda kwenye kiota cha kuku nyuma ya jiko, akachukua mayai mawili, akayavunja ndani ya bakuli na kukoroga upesi. Maganda aliyafukia majivuni.

Safari hii keki iliumuka ikapendeza. Bibi aliitazama akapiga kigelegele.

"Unaona? Bila yai, bila maziwa, na imesimama!"

Winfrida alitabasamu, akakichukua kile kitambaa akaifunika.

Jioni walikaa kwa Mwalimu Mwanahawa. Semeni alikuwa amevaa gauni la njano alilonunuliwa Idi. Alikata keki kwa mikono miwili, akauma kipande, akafumba macho.

"Mama! Kumbe keki iko hivi!" alisema, na watu wazima wote wakacheka. Akamaliza kipande cha kwanza, akachukua cha pili. "Keki yako tamu, Winfrida," alisema, na Winfrida akacheka. Winfrida alikuwa amekaa mbele yake akimtazama anavyotafuna, na moyo wake ulijaa furaha. Baadaye angeona aibu kulikumbuka hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kipande cha pili hakikuisha. Semeni aliweka mkono shingoni akaanza kujikuna. Midomo ikavimba. Vipele vikamtapakaa mashavuni, na pumzi yake ikaanza kulia kifuani.

"Mama, koo," alisema.

Mwalimu Mwanahawa aliangusha kikombe. Alimbeba mtoto wake akatoka mbio akiita bodaboda, khanga ikiburuzika nyuma. Bibi Modesta na Winfrida waliwafuata kwa miguu hadi zahanati. Bibi alikuwa na magoti mabovu, lakini siku hiyo hakuna aliyemsikia akiyataja.

Walipofika, Nesi Ester alikuwa ameshamchoma Semeni sindano ya dharura pajani na kumlaza. Mwalimu Mwanahawa alikuwa kwenye benchi la nje.

"Bibi," alisema, "nakuuliza kwa heshima zote. Uliweka nini kwenye ile keki?"

"Mwanangu, ni vile vile tulivyokubaliana. Unga, ndizi, tui, viungo, karanga, korosho."

"Basi imekuwaje? Karanga na korosho anakula kila siku!"

Bibi alishika kichwa. "Labda lile bakuli. Labda niliwahi kulitilia maziwa sikulisugua vizuri. Macho yangu haya hayaoni tena." Machozi yakaanza kumtoka. "Nimeua mtoto wa watu kwa uzee wangu. Ee Mama Maria, kwa nini nilijitia kuoka!"

Winfrida alisimama pembeni akimsikiliza bibi yake akijilaumu. Kunyamaza kungekuwa rahisi. Hakuna aliyemshuku, na maganda yalikuwa majivuni. Lakini alikuwa hajawahi kumwona Bibi Modesta akilia, hata siku ya kumzika Babu, na sasa alikuwa akilia kwa kosa lisilo lake.

"Si Bibi," alisema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi arudie. "Mwalimu, si Bibi. Ni mimi. Niliweka mayai."

Mwalimu Mwanahawa alimgeukia. "Uliweka?"

"Mawili."

"Na ulijua Semeni hali mayai?"

"Nilijua ni mwiko. Mwalimu Eustace alisema miiko ya mayai tuipige vita." Akaongeza, "Na nilitaka keki iumuke."

Hilo la mwisho ndilo lililokuwa la kweli zaidi, na lilimuuma kulitoa.

Bibi Modesta alijifuta uso kwa pindo la khanga. "Ole wangu," alisema. "Mwalimu, wewe uliniambia mwili wa mtoto unayakataa. Mimi nikaenda nyumbani nikasema mwiko. Kwetu kitu kisicholiwa tunakiita hivyo, ndilo neno ninalolijua."

Nesi Ester alikuwa mlangoni, amesikia yote. Alimwinamia Winfrida.

"Sikiliza, binti. Mtu akila mwiko wa ukoo, wazee watamkasirikia, basi. Alicho nacho mwenzako si mwiko. Ni mzio. Mwili wake unaliona yai kama adui, na vita yake inaweza kumziba koo. Mwalimu wako alisema kweli, na bibi yako hakudanganya. Lakini kati ya maneno yao wawili wewe ulitakiwa kuuliza, na hukuuliza."

Semeni alilala zahanati hadi kesho yake, chini ya uangalizi. Aliruhusiwa kurudi nyumbani akiwa mzima. Winfrida alipiga magoti kushukuru, akadhani msiba umeisha.

Haukuwa umeisha. Semeni alianza kwenda kuchota maji kwa njia nyingine. Shuleni, wakikutana, aliinamisha kichwa. Na alipopewa hata kipande cha muhogo na mtoto yeyote, alikigeuzageuza, akakirudisha. Mtoto aliyekuwa akila bila wasiwasi sasa alikula kwa mama yake tu. Winfrida aliyaona hayo, na nyumbani, akigeuza mdalasini, machozi yalimdondoka juu ya mkeka. Kwa mara ya kwanza Bibi hakusema kitu kuhusu viungo kulowa.

Mwishowe Bibi alimshika mkono wakaenda kuomba radhi.

"Shikamoo, Mwalimu," Winfrida alisema.

"Marahaba. Karibuni."

Semeni alitoka chumbani akasimama mlangoni. Winfrida alisema yote aliyopanga kusema: kwamba amekosa, kwamba hakujua, kwamba anaomba asamehewe.

"Nimekusamehe," Semeni alisema. Halafu akaongeza, "Yai najua hukujua litanifanya nini. Lakini ulijua limo. Ulikaa mbele yangu ukanitazama nikila. Nikakwambia keki yako tamu, ukacheka."

Winfrida alijifunika uso akalia kwa kwikwi, na Semeni naye akalia, kila mmoja upande wake wa chumba.

Mwalimu Mwanahawa aliwaacha walie. Kisha akamketisha Winfrida kando yake.

"Mimi nilikuwa na hasira nawe," alisema, "mpaka ulipofungua mdomo pale zahanati. Ulimtua bibi yako mzigo usio wake. Hilo nimeliona. Sasa na wewe liangalie hili. Mtu anapokula chakula chako, amekukabidhi uhai wake. Hiyo ni amana. Usichokielewa, uliza, hata kama unaona unajua. Na kitu ukishindwa kumwambia mwenye kukila, usikiweke. Msamaha Semeni amekupa leo. Kukuamini hawezi kukupa kwa kuombwa. Utangoja, na katika kungoja huko usimlazimishe, wala usimnunie."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Utaoka tena?" Semeni aliuliza ghafla, akijifuta pua.

Winfrida aliinua uso. "Ukitaka."

"Oka hapa kwetu. Mimi nikiwa nimekaa palepale."

Jumamosi Winfrida alikuja na vyombo vyake. Semeni alikaa kwenye kigoda karibu na jiko. Kila kitu kilichoingia bakulini, Winfrida alikitaja kwa sauti na kumwonyesha kwanza: hili tui, hizi ndizi, huu mdalasini. Hakufunua mfuniko hata mara moja, na keki ilipanda, ingawa si kama ile ya mayai. Semeni alishika kipande, akakinusa, akakirudisha sahanini.

"Siwezi," alisema kwa sauti ya chini. "Nataka, lakini siwezi."

"Haidhuru," Winfrida alisema. Alirudi nyumbani akalia, ila hakununa. Jumamosi iliyofuata alioka tena, akataja tena kila kitu, na kipande kikarudi tena sahanini. Baadhi ya watu walimwambia anapoteza unga. Bibi aliwajibu kwamba unga ni wake.

Jumamosi nyingine ikafika. Keki ilipopoa, Winfrida alikata kipande akakiweka mbele ya Semeni, kisha akageuza uso upande wa migomba. Hakuthubutu kumwangalia. Alisikia sahani ikisogezwa. Halafu akasikia korosho ikivunjika menoni.

Winfrida hakugeuka. Alijifuta macho kwa kiganja.

"Winfrida," Semeni aliita, mdomo umejaa. "Nitazame."