Bata na Suti ya Kujazia

Kila asubuhi cherehani ya mama ilianza kulia kabla chai haijapoa. Mama alikuwa fundi wa nguo. Alishonea chumba cha mbele, mlango wazi, aione barabara na barabara imwone.

Watoto wengi wa mtaa ule walivaa sare zake. Kila sare ilikuwa kubwa kidogo. Mikono ilifika kwenye vidole. Suruali zilikunjwa pindo pana kwa ndani.

"Mtoto hukua, nguo haikui," mama aliwaambia wateja. "Mwachie nafasi. Atajazia."

Binti yake hakuwa mtoto tena. Alikuwa mtu mzima na kazi yake. Baba alimpa jina la Bata, kwa sababu tangu utotoni akiona maji haulizi, anaingia. Sasa Bata alifanya kazi kwenye karakana ya boti. Alisugua uchafu kwenye boti zilizopandishwa nchi kavu. Lakini boti kubwa hazipandishwi. Hizo husuguliwa zikiwa majini, na wazamiaji. Mzamiaji hukaa chini ya maji akipumua hewa ya mtungi.

Siku moja msimamizi wa karakana alimwita.

"Mzamiaji wetu mmoja anaondoka," alisema. "Niletee cheti cha kuzamia kabla mwezi haujaisha, nafasi ni yako. Ukichelewa nachukua mwingine."

Bata alijiandikisha kwenye shule ya kuzamia siku ileile. Mwalimu aliwaambia wanafunzi wapya: "Msikimbilie kununua vifaa. Tuulizeni kwanza. Vingi tunavyo hapa, mtakodi."

Jioni Bata alieleza hayo nyumbani. Cherehani ikanyamaza.

"Kukodi si kuazima tu?" mama aliuliza. "Wahenga walisema nguo ya kuazima haistiri matako. Mimi fundi, halafu mwanangu avae suti iliyovuliwa na mtu mwingine?"

"Mama, ni ya kuingilia majini tu."

"Nguo ni nguo."

Baba, fundi wa vigae, alikuwa akiosha saruji mikononi. Alicheka. "Mke wangu, huko chini ya maji nani atayaona hayo matako?"

"Samaki," mama alijibu, akaendelea kushona.

Siku ya mapumziko mama na Bata walikwenda soko la mitumba. Wakapata suti ya kuzamia, ya mpira mnene kama sifongo. Ilikuwa kubwa. Mgongoni ilining'inia kama gunia.

"Inanipwaya, mama."

"Ndiyo uzuri wake. Utajazia. Na kiunoni nitapunguza."

Wakanunua pia miwani ya kuzamia. Miwani hii hufunika macho na pua kwa pamoja. Ilikuwa ya zambarau, inang'aa. Mama aliipenda kwa rangi. Hakuna aliyeijaribu.

Nyumbani mama aliipitisha suti kwenye cherehani. Sindano zikakatika, moja baada ya nyingine. Mama hakukubali kushindwa. Akabadilisha sindano, akabana kiuno, akashona tena mpaka suti ikatii.

"Haya, nenda kazamie kama mtu mwenye wazazi," alisema.

Zoezi la wiki ile lilifanyika kwenye bwawa la kuogelea. Mwanafunzi anapiga magoti chini ya maji, kifaa cha kupumulia mdomoni, anaruhusu maji kidogo yaingie kwenye miwani. Kisha anaangalia juu, anabana miwani kwenye paji la uso na kupuliza kwa pua. Maji yanatoka.

Ya Bata hayakuisha. Akipuliza yanatoka, akipumzika yanaingia tena. Alikaza mkanda wa miwani. Yakazidi kuingia. Maji baridi nayo yalipita kwenye matundu ya sindano, yakamtembea mgongoni. Meno yakaanza kugongana. Mwishowe akaishiwa uvumilivu, akajisukuma juu. Mwalimu alimdaka mguu, akampandisha polepole.

"Usiruke juu hivyo tena!" mwalimu alisema walipofika hewani. "Hewa uliyoibana kifuani hupanuka ukipanda. Inaweza kupasua mapafu. Pumua muda wote, panda taratibu. Umenisikia?"

"Nimesikia, mwalimu."

"Kwa leo basi. Jumamosi nitakupima mara ya mwisho. Ukishindwa utasubiri darasa lijalo."

Darasa lijalo lilikuwa baada ya miezi mingi. Nafasi ya karakana isingemsubiri.

"Bata gani huyu anaogopa maji?" mwanafunzi mmoja alinong'ona. Wenzake wakacheka.

Bata aliingia stoo ya vifaa, akakaa kati ya mitungi. Mtunza vifaa alikuwa mwanamke wa makamo. Wanafunzi walimwita Shangazi Mitungi. Alimtazama Bata akitetemeka.

"Unalia au ni maji ya bwawa?" aliuliza.

"Vyote, Shangazi. Kumbe mimi ni mwoga."

"Nani kasema? Lete hiyo miwani." Akaigeuza mkononi. "Peleka mkanda mbele, usikuzuie. Toa nywele usoni. Sasa iweke usoni bila mkanda. Vuta pumzi kidogo kwa pua. Achia mkono."

Bata akaachia. Miwani ikadondoka kwenye mapaja yake.

Shangazi alichukua nyingine kwenye rafu. "Jaribu hii."

Bata akavuta pumzi, akaachia. Miwani ilibaki usoni, imenata. Akatikisa kichwa taratibu. Haikutoka.

"Umeona?" alisema Shangazi. "Ya kwanza haikufuata uso wako. Upepo unapita, maji yatashindwaje? Na ukikaza mkanda unaipinda, inavuja zaidi. Mkanda ni wa kuishikilia tu. Woga huo, mwanangu, umeununua sokoni."

"Na suti?"

"Suti inaingiza maji kidogo. Mwili unayapasha moto. Lakini lazima ikubane kama ngozi, maji yale yasitembee. Yako inapwaya mgongoni, halafu imetobolewa. Fundi gani kakufanyia hivi?"

Bata akainamisha kichwa. "Mama yangu."

Shangazi akaipapasa mishono ya kiunoni. Kisha akasema, "Basi mlete mama."

Njiani Bata alijiuliza atasemaje. Alijua mama alikesha na suti ile. Lakini alijua pia kwamba akinyamaza, atashindwa Jumamosi. Alipofika hakuvua hata viatu.

"Mama, suti haifai. Na miwani haifai. Sisemi ushonaji wako ni mbaya. Nasema ni kubwa."

Mama hakuinua macho. "Tangu lini nguo kubwa ikamdhuru mtu?"

"Tangu leo. Nilitaka kuruka juu nikiwa nimebana pumzi. Mwalimu anasema ningeweza kupasuka mapafu."

Mguu wa mama ukasimama kwenye pedali. Baba naye hakutania.

"Kesho nipeleke huko," mama alisema.

Kesho yake mama aliingia stoo na futi ya kitambaa shingoni, kama anakwenda kumpima mteja. Wakasalimiana na Shangazi. Mama akaanza palepale.

"Dada, mimi nina miaka mingi kwenye kazi hii. Nieleze nielewe."

Shangazi hakubishana. Alimvalisha Bata suti ya kukodi, akamwambia mama, "Pitisha mkono mwenyewe."

Mama alipitisha mkono mgongoni, kwapani, mapajani. Alitafuta mahali pa kushika kitambaa. Hakupata.

"Unaweza kupumua?" alimuuliza Bata.

"Vizuri."

"Inua mikono. Chuchumaa." Bata akachuchumaa. Mama akaguna. "Kumbe haiachiwi nafasi hata kidogo."

"Hata kidogo, dada. Si ya kujazia. Ni ya leo."

"Na hicho cha kupumulia? Baba yake kasikia kuna mtu anauza kilichotumika. Tununue?"

"Hapana! Hicho kinashika uhai wake. Chetu hufunguliwa na kukaguliwa na fundi wake kwa ratiba. Cha barabarani nani anajua mara ya mwisho kilifunguliwa lini? Mtungi, jaketi la kuelea na cha kupumulia akodi hapa. Akishazoea atajua kinachomfaa. Kwa sasa anunue miwani tu, kwa sababu uso ni wake peke yake. Na akipenda, mapezi ya miguuni. Ayajaribu na viatu atakavyovaa. Yasibane vidole, na kisigino kisicheze."

Kutoka pale walikwenda dukani. Mama ndiye aliyesimamia. Muuzaji alileta miwani ya bluu yenye nakshi.

"Hii ndiyo inatoka sana, mama."

"Itoke iende wapi? Tunataka inayobaki," mama alisema. "Mwanangu, vuta pumzi. Achia."

Ikadondoka. Nyingine ikakaa, kisha ikateleza. Muuzaji akaanza kuhema. Mama hakuwa na haraka. Aliinama, akachungulia ukingo wa kila miwani kama anayekagua mshono.

"Hapa kwenye shavu pana mwanya. Lete nyingine."

Mwishowe ikaja miwani nyeusi, ya kawaida, haina urembo wowote. Bata akavuta pumzi, akaachia mikono yote miwili. Ikakaa. Akawekewa mdomoni kijibomba cha kupumulia, maana uso hubadilika mdomo ukishika kitu. Bado ikakaa.

"Hii," walisema wote kwa pamoja.

Jumamosi mama na baba walikaa pembeni mwa bwawa. Bata alivaa suti ya kukodi na miwani yake nyeusi. Alishuka. Akapiga magoti chini. Akaruhusu maji yaingie, yakafika machoni. Akaendelea kupumua kwa mdomo. Akaangalia juu, akabana miwani kwenye paji la uso, akapuliza.

Maji yakatoka. Akangoja. Hayakurudi.

Mwalimu akamwonyesha ishara: rudia. Akarudia. Rudia tena. Akarudia tena. Kisha wakapanda pamoja, taratibu, Bata akipumua njia nzima.

"Umefaulu," mwalimu alisema. "Kesho tunaingia baharini."

"Bata wangu!" baba alipiga kelele mpaka mlinzi akageuka.

Mwezi haujaisha, Bata aliweka cheti mezani kwa msimamizi. Siku hizi husugua boti kubwa chini ya maji. Ameanza kutafuta suti yake mwenyewe. Ameshajaribu kadhaa na kuzirudisha. Haharakishi.

Ile suti ya mitumba mama hakuitupa. Aliikata, akaifanya mto wa kiti chake cha cherehani. Wateja huusifu kwa ulaini.

Juzi mteja mmoja alileta mtoto apimwe sare. "Fundi, mwachie nafasi," alisema. "Atajazia."

"Ya shule nitamwachia," mama alijibu, akinyoosha futi. "Ila akija kuwa mzamiaji, usimlete kwangu. Mpeleke kwa Shangazi Mitungi, akavute pumzi kwanza."