Maskati Si Mbali

"Sitaki wakili, Asma. Nakuja kukuoa mwenyewe."

"Majidi, ndoa ni kesho baada ya swala ya Ijumaa, na wewe bado uko Maskati."

"Maskati si mbali. Saa tano na nusu za ndege niko Dar, saa moja na nusu nyingine niko Tabora. Siku hizi hatusafiri kwa misafara, mpenzi."

Hesabu tamu hiyo. Ndege ya mdomoni haichelewi hata siku moja.

Asmahani alikuwa amejifungia chumbani, ananong'ona. Baba yake, Mzee Shomari, alikuwa anakwenda kupasuliwa tumbo kesho yake alasiri, na alishaapa haingii hospitali kabla hajamuozesha bintiye wa pekee. Majidi awepo, au amteue mtu wa kuipokea ndoa kwa niaba yake. Ikishindikana, Awadhi, fundi cherehani wa mtaa wa pili, posa yake alishaileta zamani na hajachoka kusubiri.

"Mteue kaka yako tu," Asmahani alibembeleza. "Ni neno moja."

"Watu watanicheka. Nitume mtu hata kwenye ndoa yangu? Niamini."

Mwanaume na sifa, we acha tu.

Ijumaa asubuhi ujumbe ukaingia: "Nimeshuka Dar. Ndege ya Tabora imechelewa kidogo. Usihofu."

"Basi teua wakili sasa hivi, nakuomba."

Jibu lilikuja karibu na adhuhuri: "Ndiyo tunapanda. Nazima simu."

Msikitini waliswali, wakamaliza. Asmahani alipiga, akapiga tena. Hapatikani. Mlango ukafunguliwa, Mzee Shomari akaingia amejishika tumbo, mashahidi wawili nyuma yake.

"Mwanangu, yuko wapi?"

"Yuko angani, baba."

"Wakili wake?"

"Hana."

Mzee akakaa kitandani taratibu. Alikuwa amekonda mpaka kanzu inampwaya.

"Watu nimewaweka vya kutosha. Unaniruhusu nikuozeshe kwa Awadhi?"

Asmahani alilia mpaka ushungi ukalowa. Hakuna aliyemharakisha. Alimtazama baba yake, akaona hawezi kumwomba asubiri tena.

"Nimekuruhusu, baba."

Majidi aliwasha simu akiwa anashuka ngazi za ndege Tabora.

"Asma, nimefika. Nachukua bodaboda sasa hivi."

"Usije. Nimeshaozwa."

"Umeozwa kwa nani? Mimi niko hapa hapa Tabora."

"Kwa Awadhi. Nilikuomba neno moja, Majidi. Neno lingefika jana."

"Waambie umelazimishwa."

"Sikulazimishwa. Baba aliniuliza, nikaruhusu kwa mdomo wangu."

Majidi alisimama katikati ya uwanja, abiria wakimpita na mabegi yao.

"Hunipendi tena?"

"Nakupenda sana. Sasa futa namba yangu, mimi ni mke wa mtu."

Akakata simu.